Kaibokan mbili boksi moja: omo safi, tezi imelipuliwa

Boksi hili la kuundia meli za mfano za plastiki, kipimo cha 1/700, lina meli mbili za kusindikiza za Jeshi la Majini la Japani, kaibokan moja ya Aina C na nyingine ya Aina D. Ndizo zile zilizoundwa harakaharaka kulinda misafara dhidi ya nyambizi za Marekani, za kwanza zikikamilika Februari 1944. Plastiki ni ya kijivu, na umbo limekatwa kwenye mstari wa maji, kwa hiyo hakuna mkuku wala rafadha. Ndani kuna fremu za vipande, kikaratasi cha stika za maji zenye namba, na maelekezo ya Kijapani ambayo michoro yake inajitosheleza. Hukumu tuitoe mapema: mwili wa meli ni mzuri, daraja la nahodha na omo, yaani sehemu ya mbele, vimechongwa kwa uangalifu, lakini tezi, sehemu ya nyuma, imelipuliwa, yaani imefanywa ovyoovyo. Na kwa meli hizi, tezi ndiyo kazi yenyewe. Mabomu ya kuwindia nyambizi yalikaa huko.

Kabla ya gundi, shika rula. Aina D halisi ilikuwa na urefu wa mita 69.5 na upana wa mita 8.6, kwa hiyo kwenye kipimo hiki unatafuta milimita 99.3 kwa 12.3. Aina C ilikuwa mita 67.5 kwa 8.4, yaani milimita 96.4 kwa 12. Vipande vya boksi hili viko sahihi ndani ya nusu milimita, na hilo ni la kusifu. Lakini tofauti ya milimita tatu haionekani kwa jicho ukiwa na mbavu nne za plastiki mezani, na mbavu za C zikiunganishwa na sitaha ya D utabaki na mwanya omoni unaodhani ni kosa la kiwandani. Andika C na D kwa kalamu ya wino upande wa ndani kabla ya kukata chochote kwenye fremu.

Mabomba ya moshi nayo hayabadilishani. Aina C iliendeshwa kwa dizeli, ikafika noti 16.5 (noti ni maili moja ya bahari kwa saa) na kwenda maili 6,500 za bahari kwa mwendo wa noti 14. Injini za dizeli hazikutosha kwa meli zote zilizotakiwa, ndipo Aina D ikapewa tabaini ya mvuke pamoja na boila zake. Ikapata noti 17.5, lakini masafa yakashuka hadi maili 4,500 hivi. Ndiyo maana umbo la bomba na mahali lilipokaa vinatofautiana, na ndiyo maana ukikosea hapo kila anayezijua meli hizi ataona. Tukiwa hapohapo: nyambizi ya Marekani ya aina ya Gato ikiwa juu ya maji ilikwenda noti 21. Mlinzi alikuwa mzito kuliko mwizi, na usiku nyambizi iliweza kuuzunguka msafara na kuutangulia bila kujificha chini.

Mwili wenyewe una jambo ambalo waundaji wengi huliharibu kwa msasa. Kaibokan za C na D zilirahisishwa ili viwanda vingi viweze kuziunda kwa kuchomelea: mabamba bapa, kona zilizovunjika, tezi iliyokatwa mraba. Kiwanda kimezichonga kona hizo vizuri. Ukishaunganisha mbavu mbili utaona mstari wa gundi omoni na mwingine tezini. Safisha mistari hiyo miwili tu, kwa msasa namba 800 uliogandishwa kwenye kijiti bapa cha aiskrimu, kisha 1000 wa maji. Msasa ukishikwa kwa kidole unalainisha kona, na meli inageuka kuwa na umbo la distroya ndogo. Palipo na mwanya kati ya sitaha na ubavu, usijaze kwa gundi nyingi. Bana mbavu kwa tepu ya karatasi, pitisha gundi nyembamba ya plastiki kwa ncha ya brashi kutoka ndani, subiri usiku kucha.

Sasa tezi. Kila meli ilibeba virushio 12 vya mabomu vya Aina 3, sita kila ubavu, pamoja na reli moja ya kudondoshea nyuma, na mabomu 120 ya kina, yaani yale ya kuwindia nyambizi, yanayolipuka chini ya maji. Ili uone ukubwa wa namba hiyo, kaibokan za aina ya Etorofu zilizotangulia mwaka 1943 zilianza na mabomu 36, kisha yakaongezwa hadi 60. Boksi linakupa nini? Vinundu vinne kila upande, vimeshikana na sitaha, havina umbo la kirushio wala la bomu, na reli ambayo ni kipande kimoja kizima kama tofali. Mizinga miwili ya sentimita 12 imepewa vipande vitano kila mmoja. Silaha iliyokuwa sababu ya meli kuwepo haikupewa hata kimoja.

Dawa yake si ghali, na vitu vyake vyote vinapatikana mjini. Kwangua vinundu kwa wembe mpya ulioulaza, usiusimamishe, halafu lainisha sitaha kwa msasa 1000. Pima nafasi sita kila ubavu kwa penseli iliyochongwa, ukianzia nyuma ya jengo la mzinga wa tezi. Bomu la Aina 95 lilikuwa pipa la kipenyo cha sentimita 45 na urefu wa sentimita 77.5. Kwa 1/700 hiyo ni milimita 0.64 kwa 1.1. Nenda duka lolote la vifaa vya uvuvi uulize mshipi wa nailoni wa 0.60, kipenyo kimeandikwa kwenye kibandiko cha bobini. Nunua ule mweusi au wa kijani, si ule mweupe unaopitisha mwanga, kwa sababu rangi ikikwaruzika huo mweupe utang'aa.

Mshipi una kumbukumbu ya bobini, hujikunja. Ukate vipande vya sentimita kumi, uvitie kwenye maji ya moto dakika mbili, uvivute vikiwa bado na moto na uvibandike sambamba juu ya tepu ya karatasi iliyolazwa kwenye kioo. Gandisha kipande cha plastiki pembeni kama kizuizi, milimita 1.1 kutoka kwenye njia ya wembe, kisha kata kwa kushindilia moja kwa moja. Ukiukata kwa kuuvuta wembe, ncha zinakuwa za mshazari. Kata 40 kwa kila meli. Kumi na mbili ni za virushio, chache ni za reli, na zinazobaki ni za kufidia zitakazoruka na kupotea kwenye mkeka. Gundi ya plastiki haishiki nailoni hata kidogo, kwa hiyo hapa ni supaglu tu, tone dogo kwa ncha ya sindano.

Kirushio chenyewe ni kijiti cha plastiki cha milimita 0.5, kirefu kidogo kuliko bomu, kikisimamishwa kwa mshazari kuelekea nje, na bomu likilazwa juu yake. Msichonge zaidi ya hapo. Kwa kipimo hiki jicho linaona mpangilio kuliko umbo. Reli itengenezwe upya kwa vijiti viwili vya fremu iliyovutwa, na mabomu yapangwe juu yake yakigusana.

Kuna sababu ya kulisisitiza jambo hili hadi kuchosha. Sona ya wakati ule, chombo cha kutafutia nyambizi kwa mwangwi wa sauti, ilitazama mbele, lakini mabomu yaliangukia nyuma na ubavuni. Meli ilipoikaribia nyambizi, mwangwi ulipotea kabla ya bomu la kwanza kutoka, na kuanzia hapo nahodha alikuwa anakisia. Bomu la Aina 95 lilizama takriban mita mbili kwa sekunde. Kufika mita 60 lilihitaji nusu dakika, na nyambizi inayojikongoja kwa noti 5 husogea karibu mita 80 katika muda huo. Hivyo badala ya kulenga nukta, ulitandaza eneo: sita kulia, sita kushoto, na ya reli katikati. Virushio vinne kila upande, kama boksi lilivyofanya, ni shambulio lenye matundu.

Kingine ni kina. Aina 95 mwanzoni iliwekwa ilipuke kwenye mita 30 au 60. Nyambizi za Gato ziliruhusiwa kwenda hadi mita 91, na zile za Balao mita 122. Mabomu mengi yalilipuka juu ya vichwa vya mabaharia, yakavunja taa na kutikisa vali, nyambizi ikaendelea na safari. Juni 1943 mbunge wa Marekani Andrew May alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema wazi kwamba Wajapani wanayaweka mabomu yao juu mno. Admirali Charles Lockwood, aliyekuwa mkuu wa nyambizi za Marekani za Pasifiki, alidai baadaye kwamba maneno hayo yaliwagharimu nyambizi 10 na watu 800. Dai hilo linapingika, maana Wajapani walikuwa tayari wanatafuta bomu la kwenda chini zaidi, na Aina 2 iliyofuata ilikuwa na vina vya hadi mita 145 na ilizama kwa kasi zaidi. Kwa muundaji, Aina 95 na Aina 2 hazitofautiani kwenye 1/700. Usipoteze mchana kwa hilo.

Usiongeze Hedgehog omoni, hata kama umeiona kwenye meli za Waingereza na Wamarekani na nafasi inaonekana ipo. Kaibokan hazikuwa nayo. Silaha ile ilirusha vibomu 24 mbele ya meli wakati mwangwi ungali unasikika, na vililipuka vikigusa tu, kwa hiyo vikikosa, sona haikusumbuliwa. USS England, meli ya kusindikiza ya Marekani, ilizamisha nyambizi sita za Kijapani kwa siku 12 mwezi Mei 1944 kwa kutumia hiyo. Kilichokuwa omoni mwa kaibokan ni mzinga mdogo wa sentimita 8, mfano wa mota ya askari wa miguu. Boksi linao, nao ni kipande kidogo chenye umbo zuri.

Mizinga ya sentimita 12 iko sawa kwa urefu. Mtutu wa kalibu 45, yaani wenye urefu wa mara 45 ya kipenyo cha tundu lake, ni mita 5.4, yaani milimita 7.7, na ukitoa sehemu inayozama kwenye kitako, kipimo kinakubali. Bunduki za milimita 25 zenye mitutu mitatu ni nene kupita kiasi, jambo la kawaida kwa plastiki ya kipimo hiki. Kama una vipande vyembamba vya shaba, badilisha hizi kwanza, pamoja na rada ya Nambari 13, ambayo halisi ilikuwa kama ngazi ya waya lakini humu ni ubao usiopitisha hewa. Rada ya Nambari 22 yenye pembe mbili iache ilivyo. Osha shaba kwa siki na maji ya sabuni kabla ya praima, uikaushe hapohapo. Hapa pwani shaba iliyoachwa wazi hushika ukungu wa kijani, na rangi ikipakwa juu yake hubanduka kama ganda la kitunguu.

Tukifika kwenye rangi, maelekezo ya boksi yameandikwa kwa hali ya hewa ya kwingine. Mombasa wakati wa masika rangi za laka hupata weupe kama unga: thina inapoyeyuka huupoza uso wa plastiki, unyevu wa hewani unatua juu ya rangi mbichi, na unabaki humo. Pulizia kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, hewa inapokuwa kavu kidogo, kamwe si usiku au baada ya mvua. Tabaka liwe jembamba, matatu au manne, na dakika 20 kati yake. Weupe ukishatokea, mara nyingi ukungu mwepesi wa thina peke yake unaokauka taratibu utaurudisha uso ulivyokuwa. Rangi za maji hazina tatizo hilo, ila kwenye joto la kaskazi hukaukia kwenye ncha ya bunduki ya rangi. Ongeza dawa ya kuchelewesha, au pumzika kila baada ya dakika chache uifute ncha.

Wapo wanaoshauri kuchanganyiwa kijivu kwenye maduka ya rangi za magari. Rangi inapatana, na fundi mzoefu ataipata kwa jicho. Hatari ni thina yake, kali mno kwa plastiki hii. Tabaka zito moja linayeyusha mistari yote ya madirisha ya daraja. Kama lazima, weka praima ya plastiki kwanza, kisha puliza kwa mbali, rangi ifike ikiwa karibu kukauka. Kijivu unachokitaka ni kilichokolea, kizito kuliko kile cha manowari za Waingereza. Sitaha ipake kijivu hichohicho; zile linoleamu za kahawia za distroya na meli kubwa usizilete huku. Supaglu nayo itunze kwenye friji, ndani ya chupa yenye kifuniko na vifuko vya kunyonya unyevu. Ikiachwa mezani hapa mjini inakuwa nzito ndani ya wiki chache, na inaacha utando mweupe kuzunguka kila kiungo.

Joto lina ubaya mwingine. Boksi likikaa kwenye gari au ghala lenye bati, mbavu hufika zimepinda kama ndizi. Fungua mara tu unapolipokea, laza kila ubavu kwenye kioo. Ubavu ukicheza, utie kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa sekunde 20, ubane juu ya kioo kwa tepu mpaka upoe. Rudia taratibu. Maji yanayochemka huua kona zile tulizozisifu.

Kamba za antena zisitengenezwe kwa uzi wa kushonea, una manyoya. Shika kijiti cha fremu sentimita tatu juu ya mwali wa mshumaa, ukikizungusha, mpaka kilegee na kung'aa, kitoe motoni, hesabu moja, vuta. Ukivuta haraka unapata unywele, ukivuta polepole unapata waya. Feni izimwe na dirisha lifungwe, la sivyo upepo wa bahari utaichukua kazi yote. Gandisha ncha moja mlingotini, acha ikauke kabisa, ndipo uifikishe ya pili. Kamba iliyolegea hukazwa kwa kuipitishia kijiti cha ubani kilichozimwa mwali, kwa mbali.

Stika ni nzuri, nyembamba, na zinakubali sitaha bapa. Kumbuka kanuni: namba witiri ni za Aina C, namba shufwa ni za Aina D. Karatasi imechanganya zote bila kueleza, kwa hiyo mtu anaweza kuipa C namba 22 bila kujua. Na 22 ndiyo wengi wataichagua, kwa haki. Kaibokan Namba 22, ya Aina D, ndiyo inayohesabiwa kuwa iliizamisha nyambizi ya Marekani USS Harder mnamo 24 Agosti 1944 karibu na Ghuba ya Dasol, Ufilipino. Siku mbili kabla yake Harder ilikuwa imeshazamisha kaibokan mbili, Matsuwa na Hiburi. Marekani ilipoteza nyambizi 52 kwa jumla katika vita ile, nyingine kwa sababu zisizohusiana na adui. Meli za biashara za Japani zilikwisha kabla ya nyambizi hizo kwisha, maana mkuu maalumu wa kusindikiza misafara aliundiwa kamandi Novemba 1943 tu, miaka karibu miwili baada ya vita kuanza.

Sehemu ya mkasa huo ilifanyika hapa kisiwani Mombasa. Baada ya Wajapani kushambulia Colombo na Trincomalee Aprili 1942, kundi la meli za Uingereza chini ya Admirali James Somerville lilihamia Kilindini, na wavunja misimbo wake wakapewa shule ya Allidina Visram. Humo, mwaka huohuo, walivunja JN-40, msimbo wa meli za biashara za Japani. Na upande wa pili wa mizani, 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha meli ya kubebea askari Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kuelekea Colombo na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Karibu watu 1,300 walikufa. Distroya Paladin na Petard ziliipandisha I-27 kwa mabomu ya kina, na Petard ikaimaliza kwa topido. Atakayetaka kuziweka kaibokan hizi kando ya meli ya upande wa pili, korveti ya Flower ya Uingereza ndiyo mwenza wake: mita 62.5, noti 16, milimita 89 kwenye kipimo hiki.

Kuhusu kununua: anayeagiza nje ajumlishe usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla ya kulinganisha bei na ya dukani. Boksi ni dogo, kwa hiyo ni afadhali kuagiza mawili au matatu kwa mzigo mmoja. Anayeanza kuunda meli asianzie hapa. Vipande vingi ni chini ya milimita mbili, na marekebisho ya tezi yanataka mkono uliokwisha zoea kibanio. Kwa aliyeunda distroya moja au mbili tunalipa alama 7 kati ya 10, na alama tatu zilizokatwa zote ni za tezi. Kasha la kioo mwambie fundi wa alumini alikate sentimita 15 kwa 6, kimo sentimita 6, kwa kila meli, na aache nafasi chini ya kibao ya kifuko cha kunyonya unyevu, kinachobadilishwa kila mwanzo wa masika.